Sabuni ya kupima, pakiti ya kujazia au dumu la lita 5: kipi kinaokoa hela na kupunguza taka kweli?

Jiko_Tegeta

Wadau, salaam. Naomba tulijadili hili kwa hesabu, maana kila mtu anasema lake.

Nyumba ina watu sita, tuko Dar. Vinavyokwisha haraka ni sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, sabuni ya kunawia, sabuni ya kupigia deki na jiki. Sabuni ya vyombo peke yake mtaani kwetu inapatikana kwa njia nne: chupa mpya ya ml 500 kwa sh 3,500; pakiti laini ya kujazia ya ml 450 kwa sh 2,800; dumu la kiwandani la lita 5, sabuni ileile ya kwenye chupa, kwa sh 18,000; na ile ya kupima, unakwenda na chupa yako, lita sh 2,000.

Kwa haraka haraka ya kupima ndiyo rahisi kuliko zote. Lakini wapo wanaosema ni maji yaliyotiwa chumvi, na wapo wanaosema pakiti ya kujazia nayo ni plastiki kama plastiki nyingine. Je, akiba ipo? Taka zinapungua au zinabadilika umbo tu? Na chupa yoyote inafaa kujazwa tena? Mwenye ujuzi aeleze kwa kirefu, nitasoma yote.

---

Hesabu_Mezani

Mkuu, kwanza geuza kila bei iwe ya lita moja: bei gawanya kwa ml, zidisha kwa 1,000. Chupa inakuja 7,000, pakiti 6,222, dumu 3,600, ya kupima 2,000. Hapo tayari jambo moja limejitokeza. Ukilinganisha 2,800 na 3,500 unadhani pakiti imekupunguzia asilimia 20, kumbe imepungua na ujazo pia, na punguzo halisi ni asilimia 11. Soma ml zilizoandikwa, usitazame ukubwa wa pakiti wala neno "nafuu" lililochapwa mbele.

Pili, na hapa ndipo wengi wanapokosea, bei ya lita haitoshi. Unachonunua ni uwezo wa kutoa mafuta kwenye vyombo. Sabuni mbili zinaweza kuwa nzito sawasawa, moja ikiwa na nguvu mara tatu ya nyingine. Zipime nyumbani hivi.

Tafuta makopo mawili yanayofanana, yenye vifuniko, na bomba la sindano la ml 5 lisilo na sindano, famasi wanauza. Kila kopo tia ml 200 za maji yaleyale. Hili la maji ni muhimu, kwa sababu maji ya kisima chenye chumvi yanapunguza povu, kwa hiyo usichanganye ya kisima na ya bomba. Kopo la kwanza tia ml 1 ya sabuni ya kiwandani, la pili ml 1 ya sabuni ya kupima. Funga, tikisa mara 20 kila moja. Kisha ongeza mafuta ya alizeti nusu ml, tikisa tena mara 20, subiri sekunde 30, tazama. Endelea hivyo, nusu ml kila awamu, mpaka povu lisiweze tena kufunika uso wa maji. Andika awamu ngapi kila sabuni imevumilia. Rudia jaribio lote mara ya pili, maana mkono hautikisi sawa kila safari.

Tuseme ya kiwandani imefika awamu 9 na ya kupima imeishia 3. Maana yake utahitaji lita 3 za kupima kufanya kazi ya lita 1 ya kiwandani. Bei yake ya kweli si 2,000, ni 6,000. Akiba uliyodhani ni asilimia 71 imebaki 14. Ikifika awamu 6, bei ya kweli ni 3,000 na hapo inalipa hata kuliko dumu. Ndiyo maana hakuna jibu moja la "ya kupima ni nzuri" au "ni mbaya". Ni muuzaji yupi, na mzigo upi. Pima tena akileta mzigo mpya, maana resipe hubadilika bei ya malighafi ikipanda.

Nauli usiisahau. Ukiwa unaokoa 1,000 kwa kila lita halafu unapanda boda ya 2,000 kwenda na kurudi, lazima ununue zaidi ya lita mbili ndipo uanze kuona faida. Duka likiwa njiani unaporudi kazini, hesabu hiyo haikuhusu.

---

Kemia_ya_Sabuni

Hesabu_Mezani ameeleza vizuri. Naongeza kinachotokea ndani ya ndoo, ili ujue unanunua nini.

Sabuni nyingi za maji za wajasiriamali zinatengenezwa kwa asidi ya salfoniki, SLES (kemikali ya kusafisha na kutoa povu), magadi au kostiki ya kuizimua (kuiondolea ukali) hiyo asidi, CMC (unga wa kunenepesha) au chumvi ya kuongeza uzito, kisha rangi, pafyumu na kihifadhi. Vinavyosafisha ni viwili vya mwanzo tu, asidi ikishazimuliwa, na ndivyo vyenye bei. Uzito unaouona unaweza kutoka kwenye chumvi ya senti chache. SLES ikitiwa chumvi kidogo kidogo inanenepa, inafika kileleni, na ukizidisha inarudi kuwa nyepesi kama maji. Kwa hiyo sabuni nzito haimaanishi sabuni kali, na hata nyepesi si lazima iwe dhaifu.

Unaweza kutambua kilichoinenepesha. Changanya kijiko kimoja cha sabuni na kijiko kimoja cha maji safi. Iliyonenepeshwa kwa chumvi itakatika ghafla na kuwa nyepesi. Yenye CMC itabaki na ute unaovutika kama mlenda. CMC yenyewe si kosa, ila bakteria wanaipenda: kihifadhi kikiwa kidogo, baada ya muda sabuni inakuwa maji, inatoa harufu ya uvundo, na pengine rangi inapauka. Ikifika hapo usiichanganye na nyingine. Imwage.

Kosa la pili la resipe ni asidi na magadi kutolingana. Asidi ikibaki, mikono inawasha. Magadi au kostiki ikizidi, vidole vinateleza muda mrefu hata baada ya kusuuza, ngozi inakauka na kupasuka, na sufuria za alumini zinapoteza mng'ao na kuwa na weusi. Nunua karatasi za kupimia pH (kipimo cha ukali wa asidi au magadi, 7 ni katikati), zinauzwa maduka ya kemikali na ya vifaa vya maabara. Kwa vyombo tafuta kati ya 6 na 8. Kwa kunawia mikono, 5.5 hadi 7. Ikifika 10 na kuendelea, hata bei ikiwa ya kutupa, isiguse mikono wala sufuria.

Sasa chupa. Kosa kubwa kuliko yote ni kuongezea sabuni mpya juu ya iliyobaki. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa usafi wa mikono wa 2009 unakataza kuongezea sabuni kwenye chombo ambacho hakijaisha, na sababu yake ni bakteria: wanaoishi kwenye masalia wanapata chakula kipya kila mara, na baada ya miezi unanawa kwa sabuni iliyojaa vijidudu. Kwa mwenye kidonda, mtoto mchanga au mgonjwa nyumbani, hilo si jambo dogo.

Fanya hivi kila chupa inapoisha. Suuza mpaka povu likatike. Tia lita 1 ya maji yenye ml 15 za jiki ya asilimia 3.5, hiyo ni nguvu ya kama asilimia 0.05. Ibonyeze pampu mara kadhaa ili maji hayo yapite ndani ya mrija na springi. Acha dakika 10, mwaga, suuza kwa maji safi, pindua chupa juu chini ikauke kabisa, ikiwezekana usiku mzima. Ndipo ujaze. Kuwa na chupa mbili za zamu kunarahisisha: moja inatumika, nyingine inakauka. Tahadhari moja: kama chupa iliwahi kukaa dawa ya choo yenye asidi, jiki isiingie humo kamwe, hata tone. Mchanganyiko huo unatoa gesi ya klorini.

Tazama pia namba iliyo ndani ya pembetatu chini ya chupa. Namba 2 (HDPE, ile plastiki isiyong'aa ya madumu na chupa za jiki) na namba 5 zinavumilia sabuni, magadi na maji ya moto. Namba 1, yaani PET, chupa angavu za maji na soda, inajikunja kwa maji yanayochemka, na kostiki inaila taratibu. Na iwe inavumilia au la, chupa ya soda, juisi au maji ya kunywa isitiwe kemikali yoyote. Mtoto hasomi lebo, anaona chupa ya soda.

---

Duka_Mwembechai

Niongee kwa upande wa kaunta, maana huko nako kuna mengi.

Lita ya kupima iwe lita kweli. Wakala wa Vipimo hukagua na kugonga muhuri vipimo vya biashara, lakini sabuni mtaani mara nyingi inapimwa kwa chupa iliyokatwa shingo. Njia ya kujihakikishia: pima chupa yako tupu kwenye mizani ya duka, itie sabuni, pima tena. Lita ya sabuni ya maji haipungui kilo 1, kwa kawaida inazidi kidogo. Ikija gramu 900, umepunjwa, au umepimiwa povu. Povu ndilo linalowala wengi. Sabuni ikimiminwa kwa haraka kutoka juu, sehemu kubwa ya chupa inakuwa hewa. Mwambie amimine taratibu kwenye ukuta wa chupa, subirini povu litue, kisha aongezee hadi alama.

Dumu la lita 5 kwa bei uliyotaja ni karibu nusu ya bei ya chupa, na nguvu ni ileile kwa sababu ni sabuni ileile. Kwangu hilo ndilo chaguo la kwanza, kizuizi ni kwamba 18,000 inatoka kwa mkupuo. Majirani watano wakichanga 3,600 kila mmoja, kila mmoja anaondoka na lita yake, na fedha ya kila nyumba inakuwa karibu sawa na chupa moja ya nusu lita. Gawaneni siku lakiri inapofunguliwa ili asiwepo wa kuongeza maji.

Kitu kingine kinachokula akiba ni mkono. Chombo kikubwa kikiwa karibu na sinki, watu wanamimina. Beseni la lita 5 za maji linatosha kwa ml 5 za sabuni ya kiwandani, yaani kijiko kimoja cha chai. Weka dumu kabatini, mezani ibaki chupa ndogo yenye pampu au kifuniko cha tundu dogo. Nyumba inayomimina maradufu imeshaifuta faida yote ya dumu.

Suala la taka nalo lina hesabu yake. Pima chombo kitupu kwenye mizani ya jikoni. Chukulia chupa ya ml 500 ina gramu 40: hizo ni gramu 80 za plastiki kwa lita. Pakiti ya ml 450 yenye gramu 14 inatoa gramu 31 kwa lita. Dumu la lita 5 lenye gramu 200 linatoa 40. Kwa uzito pakiti imelishinda dumu, na ndiyo hoja ya wenye viwanda. Sasa fuata kila kimoja kinakoishia. Dumu tupu halilali hapa mtaani: linabeba maji, mafuta ya taa, maziwa, na likipasuka wanunuzi wa plastiki chakavu wanalichukua kwa kilo, kwa kuwa ni plastiki ya aina moja. Pakiti laini ni tabaka za plastiki tofauti zilizogandishwa pamoja, nyingine zina utando wa alumini katikati. Haiyeyushwi ikawa kitu, waokota chupa wanaipita, inaishia mtaroni au kwenye moto wa takataka. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya 1 Juni 2019 ililenga mifuko ya kubebea. Vifungashio vya bidhaa za viwandani kama hivi viliendelea.

Kwa hiyo swali lako, taka kupungua au kubadilika umbo: kwa pakiti zinapungua uzito lakini zilizobaki ni za aina isiyo na mnunuzi. Kwa ya kupima inategemea dumu la muuzaji. Dumu la lita 20 lenye kilo 1, likitumika mara moja na kutupwa, ni gramu 50 kwa lita. Likirudi kiwandani kujazwa mara 20 ni gramu 2.5. Hata kama sabuni yake ni dhaifu mara tatu, bado ni gramu 7.5 kwa kazi ileile. Muulize muuzaji madumu yake yanarudi wapi, anajua.

---

Jiko_Tegeta

Shukrani sana, nimeelewa kuliko nilivyotarajia. Imebaki jiki. Kuna kijana anapitisha ya kupima kwenye chupa angavu, nusu ya bei ya dukani. Hesabu za dumu zinafanya kazi na huko? Na zile pampu za kutoa povu, zinasaidia kupunguza sabuni?

---

Kemia_ya_Sabuni

Dada/kaka, jiki ya kupima acha kabisa. Sabuni ikiwa dhaifu utaongeza nyingine, vyombo vitasafishika. Jiki ikiwa dhaifu huoni kitu: sakafu inanukia usafi, vijidudu viko palepale.

Kinachofanya kazi ndani yake, sodiamu haipokloraiti, kinaharibiwa na mwanga na joto. Ndiyo maana chupa zake halisi hazipitishi mwanga. Ikishinda juani ndani ya chupa angavu, nguvu inapungua siku kwa siku, na hakuna wa kukuambia imebaki asilimia ngapi. Bila asilimia huwezi kuchanganya. Kanuni ni hii: nguvu iliyopo gawanya kwa nguvu unayotaka, toa 1, jibu ni sehemu za maji. Ya asilimia 3.5 ukitaka 0.5: 3.5 gawanya kwa 0.5 ni 7, toa 1, sehemu 6 za maji kwa sehemu 1 ya jiki. Sasa ya yule kijana inawezekana ilianza 2 ikafika 0.8, ukaitia maji sehemu 6, umebaki na chini ya asilimia 0.12. Kwenye msimu wa kipindupindu hilo ni hatari kubwa. Na kwa kutibu maji ya kunywa isifikiriwe kabisa, tumia dawa za maji zenye maelekezo ya dozi.

Tena, ikitunzwa imefungwa, jiki inatoa gesi taratibu. Kwenye chupa ya soda iliyokazwa, chupa inavimba, na ukifungua inaweza kukurukia usoni. Akiba halali ipo: nunua chombo kikubwa chenye nembo ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) na tarehe ya karibuni, kiasi kinachoisha ndani ya miezi mitatu hivi, kitunze gizani. Ukishachanganya na maji, tumia siku hiyohiyo, kinachobaki kimwagwe. Asidi ya choo ya kupima nayo iingie kwenye katazo hilohilo.

Mtoto akinywa jiki, asidi au mafuta ya taa, asitapishwe. Mpelekeni hospitali mara moja, na chombo chenyewe mkibebe.

Pampu ya povu inasaidia kwenye kunawa, si kwenye vyombo. Changanya sehemu 1 ya sabuni na 4 za maji yaliyochemshwa yakapoa. Nzito zaidi ya hapo inaziba kichujio cha pampu. Lakini ukizimua sabuni umezimua na kihifadhi, kwa hiyo changanya kinachoisha ndani ya wiki moja au mbili.

---

Likoni_Pwani

Kutoka Mombasa. Huku watengenezaji wengi wanatumia ungarol na ufacid, ni vitu vilevile ndugu alivyovitaja, SLES na asidi ya salfoniki, kwa majina ya biashara. Jaribio la mafuta linafaa vilevile.

Ila nashangaa hakuna aliyetaja sabuni ya mche. Kwa kufulia, kupiga deki na hata vyombo, kipande cha mche ndicho chenye taka ndogo kuliko vyote hivi: duka linakata, linakufunga kwa karatasi, basi. Hununui maji. Kinachoiharibu ni kulala majini. Iweke juu ya kisahani chenye matundu, na ukinunua mche mzima ukate vipande, uviache kabatini wiki mbili tatu vikauke kabla ya kutumia. Sabuni kavu haiyeyuki ovyo, inadumu zaidi. Kwenye maji ya chumvi itaacha utando mweupe kwenye glasi, hizo zioshe kwa ya maji.

Sabuni ya unga pia ikokotoe kwa gramu kabla ya kuchukua mfuko mkubwa. Vipakiti vidogo vya bei ya kadogo mara nyingine vina bei ya chini kwa gramu kuliko mfuko wa kilo, kwa sababu kampuni zinang'ang'ania bei ya sarafu moja. Hela utaokoa, lakini vipakiti hivyo ni tabaka zilezile zisizo na mnunuzi, na kilo moja ni rundo lake. Ya unga ya kupima kutoka gunia lililo wazi mimi naikwepa: inavuta unyevu wa pwani, na unyevu huo unaulipia kwa kilo.

Lebo za chupa za kujaza: tumia plasta ya kitambaa, ile ya hospitali, na kalamu ya wino usiofutika. Karatasi na selotepu vinabanduka wiki ya kwanza vikiloa. Andika jina, tarehe ya kujaza na muuzaji. Jina la muuzaji lina faida yake siku mikono ikianza kuwasha na nyumbani kuna chupa tatu za rangi moja.